Kibuyu cha Upupu

Paukwa!

Pakawa!

Kinywa cha nani?

Chako, mama!

Masikio ya nani?

Yetu!

Na mikono?

Iko kwenye mahindi!

Basi ibaki huko huko. Atakayeacha kupukuchua, nami nitaacha kusimulia.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakienda shule, palikuwa na vita kati ya Ngiri na Nungunungu.

Vita vyenyewe vilikuwa vya shimo. Shimo lilichimbwa na Muhanga. Muhanga kazi yake ni hiyo: anachimba, analala humo siku moja, anakwenda zake kuchimba jingine. Akishaondoka, Ngiri wakaingia kulala usiku. Nungunungu wakaingia kulala mchana. Huyu anatoka, huyu anaingia, wanapishana mlangoni.

"Umeshindaje, jirani?"

"Salama. Nawe ulale unono."

Miaka na miaka ikawa hivyo.

Siku moja mvua ikanyesha usiku kucha na mchana kutwa. Hakuna aliyetoka. Wote wakawa ndani. Nungunungu wana miba, Ngiri wana meno yaliyotoka nje, na shimo ni moja. Mvua ilipokatika, vita vilikuwa vimeshaanza.

Muhanga hakuulizwa.

Vita vikaenda masika ya kwanza. Vikaenda masika ya pili. Vikaenda masika ya tatu. Waliokufa wakafa, waliokimbia wakakimbia, na shimo lenyewe likabomoka mwaka wa kwanza tu. Wakaendelea kupigana. Walikuwa wameshazoea.

Lakini hata katika vita vile palikuwa na sharti moja. Sharti hilo liliwekwa na mabibi wa pande zote mbili, zamani kabla ya vita, na hakuna aliyethubutu kulivunja. Sharti lilisema: *Mwenye kibuyu kichwani hapigwi.* Ukimwona mtu amejitwika kibuyu anakwenda mtoni, au anatoka mtoni, awe wako, awe wa adui, unashusha silaha mpaka apite. Kwa sababu kila jeshi lina majeruhi, na kila majeruhi ana kiu.

Alikuwapo mmoja ambaye sharti lile lilimkera. Naye ni Fisi. Fisi hakuwa upande wowote. Alikuwa anangoja wote. Na alikuwa amegundua jambo: palipopita kibuyu, majeruhi walipona. Na aliyepona haliwi.

Haya. Vita vilikuwa bondeni, shule ilikuwa mlimani. Shule yenyewe ilikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Kanga, mwenye vifaranga kumi na mmoja na sauti iliyokwisha. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa Ngiri, wenyeji wa mlimani, na watoto wa Nungunungu waliokimbia bondeni. Nungunungu walisinzia kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha tatu, maana mchana kwao ni usiku. Mwalimu Kanga aliwaacha. Alisema kati ya mtoto anayesinzia na mtoto anayepigana, yeye anamchagua anayesinzia.

Miongoni mwa Nungunungu palikuwa na binti anaitwa Sihaba. Alifika shuleni na bibi yake, baada ya kutembea siku tisa. Kitu pekee walichotoka nacho kwao ni kibuyu kidogo chenye shingo iliyovunjika. Bibi alikibeba kichwani, akapita nacho katikati ya majeshi mawili, Sihaba ameshika nguo yake nyuma. Hawakuguswa. Sihaba alikuwa anakuja nacho shuleni kila siku, na hakuna aliyeruhusiwa kukichezea.

Miongoni mwa Ngiri palikuwa na kijana anaitwa Mkwara, na mdogo wake wa kike, Kitimbi. Mkwara alikuwa hodari wa kusema. Kitimbi alikuwa hodari wa kuuliza. Mama yao alimwambia Mkwara kila asubuhi, "Mdogo wako uende naye, urudi naye." Mkwara akajibu kila asubuhi, "Ndiyo, mama." Mnajua jinsi mnavyojibu.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa Simba: *Kuanzia sasa vijana wafundishwe kuhusu vita.* Barua haikusema wafundishwe nini.

Siku ya kwanza Mwalimu Kanga akafundisha kutoka kitabuni. Akaandika ubaoni: Chanzo cha vita. Matukio ya vita. Mshindi wa vita.

"Mwalimu, nani alishinda?" akauliza Mkwara.

"Bado wanapigana."

"Sasa kwenye mtihani tutajibu nani?"

"Mwalimu," akauliza Kitimbi, "Muhanga alisemaje?"

Mwalimu Kanga akatazama kitabuni. Muhanga hakuwemo. Akapiga kengele ya mapumziko.

Mapumziko yale watoto wakacheza vita. Ngiri huku, Nungunungu kule. Silaha zikawa madongo. Nungunungu wakajificha kwenye shimo la kichuguu nyuma ya shule, kila Ngiri aliyekaribia akapata lake. Ngiri wakashindwa.

Siku ya pili Mwalimu Kanga akamwalika Nyati mzee, aliyerudi vitani na pembe moja, aje awaeleze watoto ubaya wa vita. Nyati akasimama mbele ya darasa. Akataka kusema pembe yake iliyovunjika inavyouma kila baridi ikija. Lakini watoto walikuwa wanamkodolea macho kwa namna ambayo nyumbani kwake hakuna aliyemkodolea tena. Basi akawaeleza jinsi alivyowakimbiza wanane peke yake. Watoto wakapiga makofi.

Mapumziko yale wakacheza vita tena, kwa nguvu zaidi. Ngiri wakashindwa tena. Safari hii wakatekwa hata mtu mmoja, na mateka mwenyewe ni Kitimbi. Hakulalamika. Kule shimoni kulikuwa na kivuli, na Sihaba alimpa nusu ya kiazi chake. Jioni wakamwachia, wakamwambia kesho aje tena kutekwa. Akasema sawa.

Siku ya tatu Mwalimu Kanga aliitwa kwenye kikao. Kikao chenyewe kiliitishwa na Mkaguzi Korongo kule ng'ambo ya mlima, kujadili namna ya kufundisha vita. Kilikuwa na chai na vitafunio. Kilichukua siku nzima. Fisi akasikia kwamba shule haina mwalimu, akaja.

"Shikamoo, Mzee Fisi!" likaamkia darasa zima.

"Marahaba, wanangu, marahaba. Mmenona."

"Umekuja kufanya nini, mzee?" akauliza Kitimbi.

"Nimekuja kufundisha vita. Mimi vita vyote nimehudhuria."

"Ulikuwa upande gani?"

"Kaa chini, mtoto."

Fisi akafundisha kidogo, ya hapa na pale. Ilipogongwa kengele, akamvuta Mkwara pembeni.

"Nasikia mmeshindwa mara mbili, mjomba."

"Wana shimo," akasema Mkwara.

"Hawana shimo, wana akili. Wewe una nini? Una mdomo. Sikiliza. Ukienda na dongo mkononi, watakurushia. Ukienda na kibuyu kichwani, je?"

"Mwenye kibuyu hapigwi."

"Ehee! Basi kibuyu ni mlango, na ufunguo unao wewe. Weka ndani yake upupu."

"Lakini mzee, si kuna sharti?"

"Sharti ni la mabibi. Wewe ni bibi?"

Mkwara hakuwa bibi. Akachukua kibuyu cha maji cha shule, na shule ilikuwa nacho kimoja tu. Akakitia maji kidogo ili kilie kama cha maji. Akatafuta upupu kando ya njia, akaukung'utia humo wote. Akajitwika.

Nungunungu wakamwona anakuja. Wakainua madongo.

"Nani?"

"Mimi Mkwara. Nina kibuyu."

"Cha nini?"

"Cha maji! Mnaona kiu, sivyo? Kuna jua."

Sihaba akasema, "Shusheni madongo. Mwenye kibuyu hapigwi." Akatoka yeye mwenyewe kumpokea, kwa heshima, kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na bibi yake.

Mkwara akammwagia yeye, na uliobaki akaumwaga shimoni.

Nawaambia, wakaungua. Wakaruka, wakajikuna, wakajichoma kwa miba yao wenyewe. Ngiri wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakaimba, "Tumeshinda! Tumeshinda!" Fisi naye alikuwa juu ya jiwe, akatikisa kichwa kama mtu anayeona mgeni wake ameridhika. Kisha akashuka bondeni. Kazi yake pale ilikuwa imekwisha.

Shomari, acha kucheka, bado sijamaliza.

Jua likapanda. Ngiri wakanyamaza mmoja mmoja, koo zimekauka. Ndipo mmoja akauliza, "Mkwara, mdogo wako yuko wapi?"

Alikuwa shimoni. Kengele ilipolia alikwenda kutekwa, kama walivyoagana. Na upupu ulimwagwa shimoni.

Wakasikia analia. Kulia kwake kukawa kukubwa, kukawa kudogo, kisha hakukuwepo. Mama yeyote atakwambia: mtoto anayelia hajambo. Anayenyamaza ndiye wa kukimbilia.

"Sihaba!" Mkwara akaita. "Mtoeni!"

"Hawezi kusimama," Sihaba akajibu kutoka ndani. "Macho yamevimba. Anataka maji."

"Mbebeni mje naye!"

"Tutoke nje, mtupige?"

"Hatuwapigi!"

"Hata kibuyu ulisema cha maji."

Mkwara akakimbia mtoni na kibuyu. Akajaza. Akajitwika. Akarudi mbio.

"Nina kibuyu!"

"Cha nini?"

"Cha maji!"

"Hata asubuhi ulisema cha maji." Likaja dongo, likampata begani. Akarudi nyuma.

Akaja mara ya pili, polepole, kichwa chini.

"Nina kibuyu. Naapa kwa meno ya mama yangu."

"Cha nini?"

"Cha maji."

"Hata asubuhi ulisema cha maji." Likaja dongo la pili, likampata gotini.

Akaja mara ya tatu. Hakusema kitu. Akasimama kwenye mdomo wa shimo, kibuyu mikononi. Sihaba akachungulia. Uso umemvimba, jicho moja limefumba.

"Onja," akasema Sihaba.

Hiyo ni mila ya kila nyumba, nayo ni ya zamani kuliko vita. Anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza, ili mwenzake anywe bila wasiwasi.

Mkwara akanyanyua kibuyu. Kikafika kifuani. Kikafika kidevuni. Hapo kikasimama.

Kibuyu kilikuwa ni kilekile. Hakukisuuza. Ndani yake mlikuwa bado na upupu, umeshika kuta zote, na sasa ulikuwa umeshaenea ndani ya maji aliyokuwa anampelekea mdogo wake.

Akakishusha.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Ni kilekile cha asubuhi."

Sihaba akamtazama kwa lile jicho lake moja.

"Afadhali," akasema. "Tangu asubuhi hilo ndilo neno lako la kwanza la kweli."

Kisha akarudi ndani. Alipotoka alikuwa na kile kibuyu kidogo chenye shingo iliyovunjika. Akakiweka kichwani.

Lakini njia ya mtoni ilipita kwa Ngiri. Nao Ngiri walipomwona anakuja na kibuyu, walifanya nini? Wakainua madongo.

"Simama hapo hapo! Cha nini hicho?"

"Kitupu. Naenda kuchota."

"Tutajuaje? Wewe nawe utatumwagia. Tunajua vibuyu sisi!"

Walijua vibuyu. Walifundishwa asubuhi ile ile.

Mkwara akaenda kusimama mbele ya Sihaba. "Mpisheni."

"Toka hapo, Mkwara. Huyo ni adui."

"Najua. Mpisheni."

"Atakumwagia na wewe!"

"Akinimwagia nitajikuna." Akaanza kutembea, Sihaba nyuma yake.

Likaja dongo la kwanza, likampata sikioni. Akatembea. Likaja dongo la pili, likampata puani, na pua ya ngiri ni kubwa. Akatembea. La tatu liliinuliwa, lakini halikurushwa. Aliyeliinua alilitazama, akaliweka chini, akajifuta mkono kwenye nyasi.

Wakafika mtoni, Ngiri wakiwatazama kutoka njiani. Sihaba akachota. Akaonja mbele yao wote. Akamwonjesha Mkwara, na Mkwara akaonja mbele yao wote. Wakarudi kwa njia ile ile, na kila aliyepitwa alisogea kando.

Kitimbi akanywa. Akanywa tena. Bibi yake Sihaba akaitwa, akaja na majivu ya jikoni, akawapaka wote wenye upupu, wa huku na wa kule. Upupu haukubali maji, maji huuchochea, unataka majivu. Hilo mlishike, halina uhusiano na hadithi lakini litawafaa.

Kitimbi alipofumbua macho akauliza, "Tumeshinda?"

Sihaba akamwongezea maji.

Mwalimu Kanga akarudi jioni. Kikao kilikuwa kimeazimia kifanyike kikao kingine. Akawakuta watoto wamekaa darasani, weupe kwa majivu kama mizimu, Ngiri na Nungunungu wamechanganyika. Akawatazama. Akatazama kibuyu cha shule.

"Nani alikuja hapa?"

"Mzee Fisi, mwalimu. Kufundisha vita."

"Mmejifunza nini?"

Mkwara akasimama. Akasema yote, kuanzia mwanzo, na hakujipunguzia. Mwalimu Kanga alikuwa na fimbo, lakini alikuwa amechoka, na aliona sikio lake na pua yake. Akampa chaki. "Nenda ukaandike ubaoni. Chini ya *Mshindi wa vita*."

Mkwara akafikiri sana. Akaandika: *Mwenye kibuyu hapigwi, lakini aonje.*

"Mkalale," akasema Mwalimu Kanga. "Na kila mtu akamwambie bibi yake hayo."

Watoto wakawaambia mabibi zao. Mabibi wa mlimani wakawaambia mabibi wa bondeni. Mabibi hawahitaji barua ya Simba.

Sasa turudi kwa Fisi. Fisi alikuwa bondeni, moyo umemjaa. Alisema, ikiwa mtoto mmoja amekiua kibuyu shuleni kwa asubuhi moja, mimi nitakiua vitani. Akatafuta kibuyu, akakijaza maji na upupu. Akajifunga nguo ya kike, akajifunika kichwa, akajitwika, akaenda kwa majeruhi wa Nungunungu. Akiwamwagia hao tu, hakuna atakayeamini kibuyu tena. Majeruhi hawatapata maji. Naye atapata chakula.

Mlangoni kwa majeruhi palikuwa na bibi mmoja amekaa, anasafisha miba.

"Hodi, mwenzangu," akasema Fisi kwa sauti nyembamba.

"Karibu, bibi. Watoka mtoni?"

"Natoka mtoni."

"Pole na safari. Onja basi, nikupokee."

Fisi akashtuka. "Mimi nimefunga leo."

"Umefunga? Vema. Basi sukutua tu, uteme."

"Nina jino linaniuma."

"Pole. Basi nawa uso, umetoka jasho."

"Mafua, mwenzangu. Mafua yamenibana."

"Lo! Umefunga, una jino, una mafua, na umetembea na mzigo wote huo. Bibi, wewe si wa kuchota maji, wewe ni wa kulazwa." Akainuka. Na nyuma yake wakainuka wengine, wale majeruhi waliokuwa na nafuu, miba imesimama. "Onja."

Fisi akatazama mbele: miba. Akatazama nyuma: mabibi wa Ngiri walikuwa wanakuja na vibuyu vyao, nao wanaona. Njia zimezibwa huku na huku. Akaonja.

Upupu ukamshika kooni. Akafungua mdomo alie, ikatoka, "Hi! Hi! Hiii!" Akataka kuomba msamaha, ikatoka, "Hi! Hi! Hiii!" Akatupa kibuyu, akaburura nguo yake ya kike mpaka porini, "Hi! Hi! Hiii!" Majeruhi wakaletewa maji yaliyoonjwa, wakanywa, wakapona wengi. Fisi akalala na njaa.

Ndiyo maana mpaka leo ukimsikia fisi utadhani anacheka. Hacheki. Anawashwa.

Na vita? Vita havikwisha siku ile. Lakini Kitimbi alipopona macho alikwenda mwenyewe kumtafuta Muhanga, akamkuta anachimba, akamuuliza alisemaje. Muhanga akatoa kichwa nje, udongo puani.

"Kuhusu nini?"

"Lile shimo."

"Shimo gani? Mimi nachimba moja kila siku. Wangeniambia, ningewachimbia la pili kabla ya chakula."

Kitimbi akaenda kuyasema hayo shuleni. Mwalimu Kanga akayaandika kitabuni kwa mkono wake, pembeni, pale palipokuwa na nafasi.

Funzo lake ni hili. Hata adui yako mwachie njia ya maji, kwani na wewe utaipita. Ukikifanya kibuyu kiwe silaha, itafika siku mtoto wenu ana kiu, maji unayo, na wa kukuamini humwoni. Na watoto wafundishwe vita na anayewataka wazima. Wasipofundishwa naye, atakuja mwingine, na huyo mwingine huwa ana njaa.

Hadithi yangu imefika mlangoni, haingii ndani. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, mimi nimeshazoea.

Magunzi yawekeni kule jikoni. Na Shomari, mdogo wako yuko wapi?